Kijana Anayengojea Cheo

Nchi yetu ilipopata uhuru tarehe 30 Juni 1960, jeshi halikuwa na ofisa Mkongo hata mmoja. Leo kijana wa Kasenyi aweza kutumaini kusomea cheo hicho huko Kananga. Lakini angojeapo kuitwa, asilale tu. Alfajiri akimbie ufukoni mwa Ziwa Albert, au apande njia ya Bunia, mji ulio juu ya ziwa kwa mita 600 na zaidi. Mchana avute nyavu pamoja na wavuvi. Faranga apatazo aziandike, aweke akiba, wala asikope kwa kutumainia mshahara ujao. Maana ofisa aingiaye kazini na deni, huenda akalilipa kwa mifuko ya raia, penye kizuizi cha barabara. Tuwafunze vijana wetu kushinda deni kabla hawajakabidhiwa bunduki.