Keza, Tubadilishe Mafuta ya Breki

Ndugu zangu wa Keza hapa Ngara, na ninyi wa Rulenge, Kabanga, Benaco, Nyakahura na Lusahunga, leo sina habari za bei ya kahawa wala za uchaguzi. Nina ombi moja kwa kila mwenye gari, kwa anayeendesha gari la tajiri, na kwa sisi tunaobanana kwenye michomoko, yale magari madogo ya abiria, siku za gulio. Kabla mvua za Septemba hazijashika, badilisheni mafuta ya breki.

Nasema ya breki, si ya injini. Oili ya injini ina watetezi wengi: kila dereva huchomoa kijiti akaiangalia, na ikizeeka injini yenyewe hupiga kelele. Mafuta ya breki hukaa kimya kwenye kikopo chake kidogo juu ya masta silinda. Hayaungui na hayapungui hovyo, kwa hiyo mtu anafungua boneti, anaona kikopo kimejaa, anafunga. Yapo magari yaliyotoka Japani, yakapita bandari ya Dar es Salaam, yakapanda mpaka huku kwetu, na hadi leo yanatumia mafuta yaleyale yaliyokuja nayo.

Tatizo ni maji. Mafuta ya breki yanayotumika kwenye magari mengi, ya DOT 3 na DOT 4, hunyonya unyevu wa hewani kama chumvi iliyoachwa wazi masika. Unyevu hupenya polepole kwenye mipira ya breki na kwenye kifuniko cha kikopo, hata gari likiwa limepaki uani. DOT 3 mpya haitakiwi kuchemka chini ya nyuzi joto 205. Ikishanyonya maji yakafika kama asilimia 3.7, kiwango chake cha kuchemka kinaweza kushuka hadi nyuzi 140. DOT 4 huanzia 230 na inaweza kushuka hadi 155.

Sasa fikiria barabara zetu. Ngara mjini iko juu, Rusumo iko bondeni kwenye Mto Kagera, na katikati ni kushuka. Ukienda Kabanga ni milima, ukirudi Rulenge ni milima. Dereva aliyepakia abiria tisa na magunia ya maharage, akashuka mteremko mrefu mguu ukiwa kwenye breki badala ya kuweka gia ndogo, anapika diski na pedi zake. Moto ule huingia kwenye kalipa. Mafuta yenye maji yakichemka hutoa mapovu ya mvuke. Mafuta hayabonyei, ndiyo maana yanaweza kusukuma breki. Mvuke unabonyea. Dereva anakanyaga, pedeli inazama mpaka chini, gari halisikii.

Ubaya wa jambo hili ni kwamba halibaki na ushahidi. Gari likikaa saa moja likapoa, mvuke unarudi kuwa maji, pedeli inapanda juu kama kawaida. Fundi anakuja, anakanyaga, anasema breki ni nzima. Hapo ndipo maneno ya mkono wa mtu yanapoanza, na dereva maskini anaambiwa alisinzia.

Taifa hili limeshazika watu wengi kwa neno “lilifeli breki”. Julai 26, 2022 Hiace ya wanafunzi ilitumbukia korongoni Mikindani, Mtwara. Februari 2024 lori liliyagonga magari mengine Ngaramtoni, Arusha, na watu 25 wakapoteza maisha. Mara zote mbili polisi walitaja breki. Sisemi kwamba mafuta yaliyochakaa ndiyo yaliyoua, na malori makubwa kama yale yanayopita Lusahunga kwenda Rusumo hutumia breki za upepo, ambazo dawa yake ni nyingine: kumwaga maji kwenye matangi ya upepo kila siku. Ninachosema ni kwamba breki zina njia nyingi za kufeli, na hii ya mafuta ndiyo rahisi kuliko zote kuizuia. Watengenezaji wengi wa magari wanashauri yabadilishwe kila baada ya miaka 2 hivi.

Kazi yenyewe inaweza kufanyika nyumbani, ila inataka watu wawili. Mmoja anakanyaga, mwingine yuko chini kwenye gurudumu. Nunua chupa iliyofungwa, yenye namba ileile iliyoandikwa kwenye kifuniko cha kikopo cha gari lako. Chupa iliyofunguliwa dukani tangu mwaka juzi imeshanyonya maji yake, na yale ya kupimiwa kwenye kichupa cha soda ndiyo usiyaguse kabisa. DOT 5 ni kitu kingine, ina silikoni, isichanganywe na hizi. Oili ya injini au haidroliki ikiingia kwenye breki, hata kidogo, itavimbisha raba zote za ndani, na hapo utanunua masta silinda.

Paki mahali tambarare, weka magogo kwenye magurudumu, na gari likishainuliwa likae kwenye stendi. Jeki peke yake si ya kuiamini ukiwa chini. Fyonza mafuta machafu ya kwenye kikopo kwa bomba la sindano, jaza mapya. Kwa gari lenye usukani kulia kama yetu, utaratibu wa kawaida ni kuanza na gurudumu lililo mbali zaidi na masta silinda: nyuma kushoto, kisha nyuma kulia, mbele kushoto, mwisho mbele kulia. Kitabu cha gari kikisema vingine, fuata kitabu.

Kwenye gurudumu kuna nati ndogo ya kutolea upepo, yenye kofia ya raba. Tumia spana ya ringi inayoikaa sawasawa, maana plaizi huiviringa. Chomeka kimpira kinachopitisha mwanga, ncha ya pili izame kwenye chupa yenye mafuta mapya kidogo. Aliye chini anasema, “Kanyaga.” Mwenzake anakanyaga polepole, anajibu, “Nimeshikilia.” Nati inafunguliwa robo, mafuta yanatoka, pedeli inashuka, nati inafungwa. Baada ya kufungwa ndipo inasemwa, “Achia.” Akiachia mapema, upepo unavutwa ndani na kazi inaanza upya. Kwenye gari la zamani pedeli isizamishwe mpaka mwisho, weka kipande cha ubao chini yake, kwa sababu sehemu ya ndani ya masta silinda isiyofikiwa siku zote huwa na kutu inayochana raba.

Rudieni hivyo mpaka mafuta ya rangi ya chai yaishe, yaje meupe yasiyo na mapovu. Kila baada ya mikanyago michache angalieni kikopo. Kikikauka, mmeingiza upepo mpaka juu, na kwenye gari lenye ABS huenda mkahitaji mashine ya fundi kuutoa. Mkimaliza, washeni gari, mtu akanyage kwa nguvu na kushikilia dakika nzima huku mwingine akichungulia uvujaji. Pedeli ikibaki laini, gari lisitoke uani, aitwe fundi. Na kama kikopo kilikuwa kimepungua tangu mwanzo, msifurahie kujaza tu: ama pedi zimeisha, ama kuna mahali panavuja.

Mafuta haya hubabua rangi ya gari na ni sumu kwa mtu na mnyama. Yale machafu yasimwagwe kwenye mtaro unaoelekea Ruvubu au Kagera. Yasikae kwenye chupa ya juisi pembeni ya mlango ambapo mtoto atadhani ni kinywaji.

Hayo ni ya spana. Gumu zaidi ni la mfukoni. Dereva wa mchomoko halali na gari, analala na hesabu ya tajiri. Akisema asubuhi ya leo gari halitoki, tunabadilisha mafuta ya breki, anajua jioni ataulizwa pesa, na kesho anaweza kukuta deiwaka, dereva wa kibarua cha siku, amekaa kwenye kiti chake. Kwa hiyo ananyamaza, anasali, anashuka mlima. Tajiri, hili ni lako. Chupa ya mafuta ya breki haifikii hesabu ya siku mbili. Mpe dereva chupa hiyo na asubuhi hiyo bila kumkata, kisha bandika tarehe kwenye kikopo ili ijulikane lini yalibadilishwa. Stika ya ukaguzi uliyobandikiwa kwenye kioo haiwezi kufanya kazi hii, maana gari lilikaguliwa limesimama na breki zimepoa.

Abiria nao wasijitoe. Ukipanda, uliza kwa heshima: “Kaka, mafuta ya breki mlibadilisha lini?” Wa kwanza kuuliza atachekwa. Wa kumi atajibiwa.

Mafundi wa senta zetu, najua mtaona nawanyang'anya riziki kwa kuwafundisha watu kazi yenu. Sivyo. Mtu akishafungua nati ile kwa mkono wake ataona pedi zilizokwisha, mpira wa breki uliopasuka, kalipa iliyokwama, naye atakuja kwenu mapema, gari likiwa bado zima na linatembea.

Napendekeza tuanze mwezi wa nane. Jumamosi ya mwisho, baada ya usafi wa mwezi, badala ya kila mtu kurudi kwake, wenye magari wa kila senta wakutane mahali tambarare. Fundi mmoja asimamie, apewe chochote kwa kazi yake, wenye stendi za jeki waazimishe, na jirani amkanyagie jirani. Viongozi wa vijiji na mitaa, tangazeni hili pamoja na tangazo la usafi. Wenye magari, njooni na chupa iliyofungwa, spana inayokaa, na mtu wa kukanyaga.