Bwawa la Kijani: Dawa Iko Shambani

Ndugu mkulima wa Endebess, ukiona bwawa lako la samaki limetanda utando wa kijani, usikimbilie dukani kununua mrututu. Mrututu huua utando, lakini huweza kuua na samaki. Tena utando mwingi ukifa na kuoza kwa pamoja humaliza hewa ya majini, na alfajiri utawakuta ngege wako wakitweta juu ya maji.

Mimi naona kosa haliko majini, liko shambani. Mvua huchukua samadi na mbolea ya mahindi hadi bwawani, na kinacholisha mahindi hulisha utando pia. Basi acha ukanda wa nyasi kuzunguka bwawa, chimba mfereji wa kugeuza maji ya mvua, na ng'ombe wanyweshe kando. Utando unaoelea uvute kwa reki, uutie katika shimo la mbolea.

Lakini usitake maji meupe kabisa, maana kijani kidogo ni chakula cha ngege. Tumbukiza mkono hadi kiwiko. Kiganja kikianza kupotea hapo, maji yanafaa. Kikipotea mapema, acha kutia samadi.

Kazi hii yataka jembe na jasho tu. Ianze kabla ya mvua.