Tangazo Lisomwe kwa Hesabu

Biashara ni matangazo, nami sina ugomvi na mfanyabiashara anayeinadi bidhaa yake. Ugomvi wangu ni na tangazo linalosema nusu ya kweli, nusu ya pili mnunuzi akaigundue mwenyewe baada ya fedha kumtoka. Mfano ulio dhahiri ni ule wa tarakilishi za michezo za kushikwa kiganjani.

Mnamo Februari 2022, kampuni ya Valve ya Marekani ilianza kuuza Steam Deck kwa bei ya kuanzia dola 399. Mwaka 2023 ASUS ya Taiwan ikaleta ROG Ally, ambayo aina yake yenye nguvu zaidi iliuzwa Marekani kwa takriban dola 700. Majina ni mbalimbali lakini wimbo ni mmoja: michezo ya tarakilishi kubwa, popote uendapo.

Neno "popote" ndilo linalonitia shaka. Betri ya ROG Ally hiyo ina wati-saa 40, yaani yaweza kutoa wati 40 kwa muda wa saa moja. Prosesa yake, ambayo ndiyo ubongo wa chombo, ikiachiwa iende kwa kasi kamili pasipo waya wa umeme, hutumia wati 25. Mwanafunzi na agawanye 40 kwa 25: atapata saa 1 na dakika 36. Hapo hatujahesabu skrini wala feni. Kumbe "popote" ni popote palipo na soketi!

Je, huu ni uongo? La hasha. Valve walitamka wazi kwamba betri ya Steam Deck ya kwanza, nayo ya wati-saa 40, ingedumu saa 2 hadi 8. Ila saa 8 ni za mchezo mwepesi, na saa 2 ni za mchezo mzito, ambao aghalabu ndio hupamba matangazo. Macho huvutwa na mchezo wa saa 2, masikio yakashika saa 8.

Jambo hili si geni. Mwaka 1989 Nintendo ya Japani ilitoa Game Boy, ambayo skrini yake haikuwa na rangi wala taa. Sega wakatoa Game Gear mwaka 1990, yenye rangi na taa, wakamkejeli mpinzani wao katika matangazo. Lakini Game Gear ilimaliza betri sita kwa saa chache tu, ilhali Game Boy ilikwenda zaidi ya saa 10 kwa betri nne. Game Boy ndiyo iliyouzwa zaidi, tena kwa mbali.

Wapo watakaosema kuwa chombo hiki ni tarakilishi kamili, hivyo kitamfaa mwanafunzi masomoni. Ni kweli kwamba ROG Ally hutumia Windows. Hata hivyo, nani ataandika insha kwenye skrini ya inchi 7 isiyo na kibodi? Mzazi atalazimika kununua kibodi na skrini kubwa, na huenda jumla hiyo ikatosha kumnunulia mtoto tarakilishi ya kawaida.

Nawasihi walimu wenzangu walipeleke tangazo darasani. Mwalimu wa hisabati afundishe kugawanya wati-saa kwa wati. Mwalimu wa Kiswahili naye afafanue neno dogo "hadi": kwamba hutaja kikomo, wala si kawaida ya kila siku. Mwanafunzi akishayajua hayo mawili, na amwendee mzazi wake kuomba fedha.