Ku shantie ya mapatro kumi, nani anasimamisha kazi?

Ukipita leo pembeni ya Kolwezi, pahali wanajenga kiwanda cha shaba na kobalti, utaona kofia za kazi za rangi nyingi. Kila rangi ni sosiete yake. Hawa wanachimba misingi, wale wanasimamisha vyuma, wengine wanapitisha nyaya za umeme. Mwenye mgodi ametia sahihi na sosiete moja kubwa, ile kubwa imegawia ndogo, na zile ndogo zimekamata watu wa kulipwa kwa siku.

Sisi wa sendika tunaulizanga swali moja tu: hatari ikionekana, nani ana haki ya kusema "simama", na wote wasimame?

Mara nyingi jibu haliko. Kila sosiete ina mtu wake wa usalama, lakini nguvu yake inaishia kwa watu wake. Na hatari haikaangi ndani ya sosiete moja, inakaa katikati yao. Timu ya kwanza inachimba shimo asubuhi na kulizungusha kamba. Saa tisa, dereva wa lori la sosiete nyingine anatoa kamba apate njia. Usiku timu ya tatu inaingia, haijui kama kuko shimo. Ao fundi anakata umeme, anamwambia kapita wake. Kapita wa jirani hakuambiwa, anaurudisha juu ya mashini yake ya kuchomelea. Kesho kila mukubwa atakuonyesha karatasi kwamba watu wake walifuata utaratibu, na pengine hadanganyi.

Sheria ya 8 Februari 2017 ilitaka kazi hizi za sutretansi ziende kwa sosiete za Wakongomani. Tuliipokea vizuri, hatutaki irudi nyuma. Lakini mapatro wakiwa wengi pahali pamoja, kuwapatanisha ni kazi kubwa, na hiyo kazi hakuna anayependa kuilipa. Kontra inaenda kwa mwenye bei ya chini, na bei inashushwa kwa viatu, kwa mikanda ya kupandia juu, kwa saa za kufundisha watu.

Mtu akianguka, mwenye mgodi anasema: huyu si wangu. Sosiete ndogo imemaliza kontra, imepakia kontena yake, imeenda. Kama haikumwandikisha CNSS, mama wa watoto anabaki na namba ya telefone isiyoita.

Dunia ilishaona hii shida. Mkataba namba 167 wa Shirika la Kazi la Kimataifa, wa mwaka 1988, unasema sosiete yenye kushika shantie yote ndiyo inapatanisha usalama. Kama haiko pale, iweke mtu mwenye ujuzi, mwenye amri na vyombo. Na kila patro anabaki na mzigo wa watu wake. Mkataba namba 176 wa 1995 unasema vile vile juu ya migodi: mwenye kuongoza mgodi ndiye anapatanisha. Zambia, ng'ambo ya Kasumbalesa, iliukubali tangu 1999.

Kwetu, Kodi ya Kazi ya 2002 inadai komite ya usalama katika kila sosiete. Katika kila sosiete: hapo ndipo tundu liko. Mtu wa sosiete ndogo hana kiti kwenye komite ya mwenye mgodi, hata kama anafia ku shantie yake.

Tunachotaka kiandikwe ndani ya kontra, mbele ya kazi kuanza: mratibu mmoja mwenye jina, anayeweza kusimamisha timu yoyote bila kupigia patro telefone, kitabu kimoja cha mashimo, umeme na vyuma vya kunyanyuliwa, feza za usalama zitengwe, zisiingie kwenye mashindano ya bei. Na mkutano wa kila asubuhi, wenye delege wa kila sosiete ndani, hata wa watu wa siku. Hao ndio wanapita katikati ya timu zote na kuona kamba ikitolewa.