Kichwa cha Msumari na Uimara wa Ukuta

Alfajiri ya tarehe 17 Januari, 1994, tetemeko la ardhi lenye ukubwa wa 6.7 liliupiga mtaa wa Northridge, katika jiji la Los Angeles nchini Marekani. Katika jengo moja la fleti lililojengwa kwa mbao, ghorofa ya chini, yenye nafasi wazi za kuegeshea magari, ilipondwa na zile za juu, na watu 16 wakafa. Kuta zilizohitajika hapo zilikuwa chache mno. Lakini wahandisi waliokagua nyumba nyingine za mbao zilizoharibika walikuta pia kasoro ndogo kwa macho: misumari iliyozamishwa kupita kiasi ndani ya plaiwudi.

Fremu ya mbao ni mstatili; ikisukumwa ubavuni hugeuka msambamba. Plaiwudi iliyopigiliwa juu yake huzuia mgeuko huo, na mvutano wote baina ya plaiwudi na fremu hupitia kwenye misumari, hasa ile ya kingoni. Majedwali ya wahandisi wa Marekani yanashuhudia jambo hili. Kwa plaiwudi ile ile yenye unene wa karibu milimita 12, na misumari ya aina ile ile, nafasi baina ya misumari ya kingoni ikipunguzwa kutoka inchi 6 hadi inchi 3, nguvu ya ukuta hukaribia kuongezeka maradufu.

Isitoshe, msumari hupinda huku na huku ndani ya mbao wakati wa tetemeko, na kwa kupinda huko humeza nishati. Ukuta hulia, lakini husimama. Sharti lake ni kwamba kichwa cha msumari kikamate uso wa plaiwudi. Kikipasua matabaka ya juu, unene uliosalia huwa mdogo, na kichwa hupenya upesi.

Mkono wenye nyundo huhisi mahali pa kukoma. Mashine ya kupigilia kwa nguvu ya hewa haihisi. Hata hivyo, kumlaumu fundi peke yake, naye pengine hulipwa kwa ukubwa wa eneo alilofunika, si haki. Wajibu mkubwa ni wa msimamizi. Kanieneo ya hewa na ipunguzwe hadi vichwa vibaki nje kidogo, kisha vimaliziwe kwa nyundo. Na mkaguzi aite kabla lipu haijapigwa, si baada yake. Wakandarasi hulalamikia ucheleweshaji. Kazi yenyewe ni ya saa chache kwa kila nyumba.