Laptopu za Moi Avenue na mlango wa gemu: Pwani ijue kabla ya kutuma pesa

Tangu Oktoba 14, 2025 kampuni ya Microsoft imeacha kutoa marekebisho ya kawaida ya usalama kwa mfumo endeshi wa Windows 10. Habari hiyo ilipita hapa Pwani kimya kimya, kana kwamba ni jambo la maofisi ya Upper Hill. Lakini ofisi zina bajeti ya kununua mashine mpya. Anayeguswa hasa ni kijana wa Majengo, Likoni au Malindi aliyenunuliwa laptopu ya mtumba kutoka katikati ya jiji la Nairobi, aitumie kwa masomo mchana na kwa gemu usiku.

Twajua safari ya mashine hizi. Kampuni na shule za Ulaya zikimaliza kuzitumia, huziuza kwa mafungu. Zinazokuja kwa meli huteremshwa Kilindini, zikatupita tukizitazama, zikapanda hadi Nairobi. Huko hufutwa vumbi, hubadilishwa betri, zikapangwa kwenye maduka na vibanda vya Moi Avenue, Kimathi na mitaa inayoteremka kuelekea Luthuli. Kijana wa Mombasa huona picha kwenye simu, babake hutuma pesa kwa M-Pesa, na mashine hurudi ilikopita ikiwa kifurushi ndani ya basi la usiku. Mnunuzi hakuigusa wala hakuiwasha. Alichoambiwa ni kwamba ni "ex-UK", ni Core i5, na ni safi kabisa.

Upande wa magharibi wa jiji hali ni nyingine. Westlands, Kilimani na kando ya Ngong Road, maduka makubwa huuza kompyuta mpya na PlayStation 5 kwa anayemudu. Mwenye mashine mpya hana haja ya kuuliza kama gemu yake itafunguka. Mwenye ya Moi Avenue ndiye mwenye swali hilo, na sisi wa Pwani wengi wetu ni wateja wa Moi Avenue.

Reli mbili zisizolingana

Mfumo endeshi ni ile programu kuu inayosimamia kompyuta: Windows, macOS ya Apple, Linux, au Android kwenye simu. Gemu iliyoandikwa kwa mfumo mmoja haifunguki hivi hivi kwenye mwingine.

Anayepanda Madaraka Express pale Miritini alielewa jambo hili bila kufundishwa. Treni ya SGR, iliyozinduliwa Mei 2017, hupita kwenye reli yenye upana wa milimita 1,435. Reli ya zamani, ya enzi za mkoloni, ni ya milimita 1,000. Ndiyo maana treni hukomea Syokimau, na anayekwenda katikati ya jiji hushuka na mizigo yake akapanda treni nyingine ya reli ya zamani. Treni si mbovu na abiria hana kosa. Magurudumu tu hayalingani na reli.

Kwa miaka mingi watengenezaji wa gemu za kompyuta waliziandikia Windows peke yake. Aliyekuwa na mfumo mwingine alibaki kituoni. Hilo limebadilika kuliko wengi wanavyojua.

Mwaka 1993 wataalamu wa kujitolea walianzisha mradi uitwao Wine. Kazi yake ni ya mkalimani. Gemu ikiomba kitu kwa lugha ya Windows, Wine huligeuza ombi hilo papo hapo likawa lugha inayoeleweka na Linux. Agosti 2018 kampuni ya Valve, yenye duka la gemu la Steam, ilitoa Proton, iliyojengwa juu ya Wine na kuwekwa ndani ya Steam yenyewe. Februari 2022 ikaanza kuuza Steam Deck, kifaa cha gemu cha kushika mkononi kinachotumia Linux. Tangu hapo maelfu ya gemu za Windows hufunguka kwenye Linux, nyingi bila mchezaji kubadilisha chochote.

Na Linux ni bure na halali. Haina uhusiano na zile nakala za Windows zilizovunjwa kufuli zinazozunguka kwenye flashi disk, ambazo nyingine hubeba virusi vya kuiba nywila za mwenyewe. Mzazi anayejali halali na haramu katika nyumba yake ana sababu ya kulisikiliza neno hili.

Mashine ipi iko nje, ipi iko ndani

Windows 11 yataka chipu ya usalama iitwayo TPM 2.0 na prosesa iliyomo katika orodha ya Microsoft. Kwa Intel, ukiacha chache, orodha hiyo huanzia kizazi cha 8. Sasa tazama zinazouzwa. HP EliteBook 840 G3 ni ya kizazi cha 6, na G4 ni ya kizazi cha 7. ThinkPad T470 iko hapo hapo. Zote hizo ziko nje ya orodha. EliteBook 840 G5 na ThinkPad T480 kwa kawaida huwa na kizazi cha 8, lakini hata hizo yafaa kusoma kibandiko na kuhakikisha. Neno "Core i5" peke yake halisemi lolote, maana i5 ya mwaka 2013 na i5 ya mwaka 2020 zina jina moja tu la ukoo.

Laptopu yenye Windows 10 haikufa siku ile. Inawaka, inaandika, inacheza. Kilichokoma ni kuzibwa matundu ya usalama yanayogunduliwa kila mwezi. Microsoft imeweka mpango wa ziada kwa watumiaji wa nyumbani wanaojiandikisha, nao unakoma Oktoba 13, 2026. Baada ya hapo mashine inayotumika kwa gemu, barua pepe na benki itakuwa nyumba yenye mlango usiofungika.

Mafundi wengi watakwambia wanaweza kulazimisha Windows 11 iingie kwenye mashine ya zamani. Ni kweli wanaweza. Lakini Microsoft haiahidi marekebisho kwa mashine kama hiyo, na gemu nyingine hukagua zenyewe. Valorant kwenye Windows 11 hudai TPM 2.0 iwepo na iwashwe, la sivyo haifunguki.

Kwa Linux nako kuna mpaka. Proton hutegemea mfumo wa kuchora picha uitwao Vulkan. Intel ya kizazi cha 6 na kuendelea huumudu vizuri. Ya kizazi cha 4, kama iliyomo ndani ya EliteBook 840 G1, haiumudu kikamilifu, na gemu nyingi hukwama. Na hata inapomudu, laptopu ya ofisi haina kadi ya grafiki ya peke yake. Itacheza gemu za miaka ya nyuma na ndogo za leo. Asitarajie mtu kucheza gemu nzito zilizotoka mwaka huu.

Mlango uliofungwa kwa makusudi

Hapa ndipo penye kiini cha jambo. Mkalimani amefanya kazi yake, reli zimeunganishwa, lakini kwenye vituo vikubwa zaidi kuna askari anayerudisha abiria.

Gemu za kushindana mtandaoni huwa na programu ya kuzuia udanganyifu. Baadhi ya programu hizo huingia hadi kwenye kiini cha mfumo endeshi ili zione kila kinachoendelea, na hapo mkalimani hana la kufanya. Mwaka 2021 watengenezaji wa programu mbili kubwa za aina hiyo, Easy Anti-Cheat na BattlEye, walitangaza kwamba zinaweza kufanya kazi na Proton iwapo mwenye gemu ataruhusu. Wengine waliruhusu. Epic Games haikuruhusu kwa Fortnite. Mei 2024 League of Legends iliweka mlinzi wake Vanguard, na wachezaji wa Linux wakabaki nje. Mwishoni mwa Oktoba 2024 Apex Legends, iliyokuwa imewakaribisha, iliwafukuza.

Kwa vijana wetu pigo kubwa zaidi ni la mpira. Tangu FIFA 23, iliyotoka mwaka 2022, kampuni ya EA huweka mlinzi wake katika gemu za mpira za kompyuta, na mlinzi huyo hataki ila Windows. Kila anayepita kwenye kumbi za gemu za Nairobi, au zetu za hapa Mombasa, anajua kwamba mpira ndio unaojaza viti. Kwa hiyo aliyehamia Linux kwa kukosa Windows 11 atapata mengi, lakini atakosa lile moja analolitaka zaidi.

Kampuni zina hoja yao, na tuiseme kwa haki. Mdanganyifu mmoja huharibu mchezo wa wengi, na kwenye Linux mwenye mashine ana uwezo wa kubadilisha mpaka kiini cha mfumo, jambo linalomsumbua mlinzi. Wenye Apex Legends walisema wazi kwamba Linux ilikuwa njia ya wadanganyifu. Lakini wadanganyifu wapo tele kwenye Windows pia, na Counter-Strike 2 na Dota 2, gemu zenye wachezaji wengi mno duniani, zina matoleo ya Linux mpaka leo. Basi wenye gemu wangeweza kufungua, ila wamepima gharama wakaona wachezaji wa Linux ni wachache. Na katika hesabu hiyo, mwenye laptopu ya mtumba wa Kisauni hakuhesabiwa.

Wenye PlayStation nao hawajasalimika. FIFA 23 ilipoanza kuwakutanisha wachezaji wa vifaa tofauti, iliwagawa kwa umri wa mashine: PlayStation 5, Xbox mpya na kompyuta upande mmoja, PlayStation 4 na Xbox One upande wa pili. Kumbi nyingi za katikati ya jiji hutumia PlayStation 4. Kijana wa Westlands na wa River Road hununua mchezo wenye jina moja, na hawakutani uwanjani.

Kwa nini tujali

Watasema baadhi ya wazee wetu: hii ni michezo tu, na kheri wasicheze. Kuna ukweli kwamba gemu bila kiasi hula wakati wa sala na masomo. Lakini pia kuna riziki ndani yake. Mwaka 2007 Wesley Kirinya alitoa mchezo wa kompyuta wa Kikenya, Adventures of Nyangi, na mwaka 2009 akashirikiana na Eyram Tawia wa Ghana kuanzisha Leti Arts, yenye mizizi Accra na Nairobi. Mwaka 2018 Sylvia Gathoni, ajulikanaye kama QueenArrow, alisajiliwa na timu ya XiT Gaming ya Marekani kwa ustadi wake katika Tekken. Na mwaka 2024 Riyadh iliandaa Kombe la Dunia la michezo ya kielektroniki lenye zawadi za mamilioni ya dola. Ghuba si ugenini kwa watu wa Pwani. Tumeenda huko kwa biashara, kwa masomo na kwa kazi za nyumbani. Haifai mashindano haya yatupite kwa sababu tuliuziwa mashine isiyoingia mlangoni.

Yapo yanayowezekana. Kifungu cha 46 cha Katiba ya 2010 kinampa mnunuzi haki ya kupata maelezo yanayohitajika ili anufaike kikamilifu na bidhaa. Muuzaji wa Moi Avenue aandike kizazi cha prosesa na kama mashine inakubali Windows 11. Ni mistari miwili tu kwenye tangazo la simu. Waandaaji wa mashindano, wa Nairobi na wa hapa, waweke angalau mchezo mmoja unaofunguka kwenye mifumo yote, asiyekuwa na mashine mpya naye apate kiti. Na vituo vyetu vya vijana, kama Swahilipot Hub pale Mji wa Kale, vinaweza kutenga siku ya kuwasaidia watu kuweka Linux kwenye laptopu zilizoachwa na Windows. Mashine ya kizazi cha 6 iliyotupwa jalalani ni hasara ya mara mbili, kwa mfuko na kwa mazingira.

Na wewe mzazi, kabla hujabonyeza namba ya siri ya M-Pesa, uliza matatu. Prosesa ni ya kizazi cha ngapi? Chipu ya TPM ni toleo gani? Na gemu anayoitaka kijana wako, kwa jina lake, inafunguka kwenye mashine hii leo? Hilo la tatu kijana anaweza kulitafuta mwenyewe kwenye tovuti ya ProtonDB, ambako wachezaji huandika gemu ipi imefunguka na ipi imekataa. Muuzaji akishindwa kujibu mawili ya kwanza, pesa ibaki kwenye simu. Mali bila daftari huisha bila habari.