Maji ya Moto Katika Gari la Nyumba

Ndugu mmoja akaaye Marekani, ambaye husafiri na jamaa zake katika gari lililo nyumba, atuambia ya kwamba tangu majira ya baridi kwisha maji ya moto yamemtupa. Hita yawaka, lakini mferejini hutoka uvuguvugu tu, na sasa ameazimia kununua hita mpya. Twamsihi asifanye haraka, kwani haraka haina baraka, na huenda chombo chake ni kizima.

Jambo la kwanza ni kupambanua. Ikiwa maji baridi nayo hutoka kwa udhaifu, kosa si la hita. Atazame pampu, chujio lake na tangi la maji. Ikiwa ya moto peke yake ndiyo dhaifu, atazame koki, na valvu ndogo ya njia moja iliyo mahali maji yatokapo hitani, ambayo huweza kukwama.

Ama uvuguvugu una sababu yake. Baridi inapokaribia, wenye magari haya humwaga maji ya hita, wakageuza koki ili dawa ya kuzuia barafu ipite kando bila ya kuingia hitani. Koki hizo zikisahauliwa, maji baridi hupita njia ile ile yakachanganyika na ya moto. Basi afungue koki ya kuingilia na ya kutokea, afunge ya kando. Kisha autazame mfereji wa kuogea ulio nje ya gari: ikiwa vishikio vyake viwili vi wazi, na maji yamezuiwa kichwani tu, ya baridi huvuka yakaingia katika bomba la moto.

Akitaka yakini, aiache pampu ikienda, afunge koki ya maji yaingiayo hitani, afungue mfereji wa moto. Maji yakiendelea kutoka kwa nguvu, ajue pana mahali yanapovukia.

Lakini ajihadhari. Asiwashe hita ya umeme ilhali tangi lake ni tupu, kwani kipasha moto chake kitaungua. Asifungue kizibo maji yakiwa moto, yasije yakamruka na kumbabua. Akisikia harufu ya gesi, asiguse swichi wala kiberiti: awatoe watoto nje, afunge mtungi, amwite fundi.

Akiyatazama haya kwa taratibu, huenda fedha ya hita mpya ikabaki kuwa masurufu ya nyumba yake.